Rafu 23, kadi moja: Claudio Gentile na sheria iliyomlea beki kisiki

Tarehe 29 Juni 1982, kwenye uwanja wa Sarrià mjini Barcelona, Italia na Argentina zilikutana katika Kombe la Dunia, na beki wa Italia Claudio Gentile alimchezea Diego Maradona rafu 23. Hiyo ndiyo hesabu inayotajwa kila mechi hiyo inapokumbukwa, na ukikaa ukautazama mkanda wake huoni pa kuibishia. Rafu 23 kwa mtu mmoja, ndani ya dakika 90, ni kama rafu moja kila dakika nne. Kadi aliyopata beki huyo ni moja, tena ya njano. Aliyetolewa nje siku hiyo ni Américo Gallego, kiungo wa Argentina. Maradona naye akaonyeshwa njano kwa kulalamika.

Kijana aliyekua na VAR, yaani waamuzi wasaidizi wa video, ukimsimulia habari hii, swali la kwanza ni kama refa alikula mlungula. Hakula. Nicolae Rainea wa Romania alikuwa mwamuzi wa kuheshimika, miaka miwili nyuma alichezesha fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya. Alichezesha kwa sheria ya wakati wake, na Gentile naye alikaba kwa sheria hiyohiyo. Bila kuielewa sheria ile huwezi kumwelewa Gentile, na utaishia kumwita mchinjaji kama wengi wanavyofanya.

Kwanza, mtu mwenyewe. Neno gentile kwa Kiitaliano ni mpole, mtu mwenye adabu zake. Alizaliwa Tripoli, Libya, Septemba 1953, katika familia ya Waitaliano waliokuwa wakiishi kule. Walirudi Italia akiwa mtoto mdogo. Baadaye wenzake wakambandika jina la Gaddafi, na utani huo ukamganda maisha yake yote ya soka. Akiwa na miaka 19 alisajiliwa na Juventus kutoka Varese, mwaka 1973, na akakaa Turin hadi 1984. Katika miaka hiyo 11 alitwaa ubingwa wa Italia mara sita, Kombe la UEFA mwaka 1977 na Kombe la Washindi mwaka 1984. Timu ya taifa aliichezea mechi 71 na kufunga goli moja. Kadi nyekundu, kwa jinsi rekodi yake inavyosimuliwa, aliipata mara moja tu, na chanzo hakikuwa mguu wa mtu: aliunawa mpira.

Hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa matamu. Beki anayetajwa kuwa mkatili kuliko wote alitolewa nje mara moja.

Tulipokuwa shule, mwalimu wetu wa michezo alikuwa na somo moja tu kwa sisi tuliopangwa nyuma: mpira ukipita, mtu asipite. Nilicheza namba mbili na kulishika somo hilo kwa moyo wote, mpaka goti la mtoto wa mtaa wa pili lilipovimba nikaogopa kurudi nyumbani. Wengi tunadhani beki mgumu ndiyo huyo, mtu wa kusubiri mshambuliaji aje halafu amfagie. Gentile hakuwa hivyo, au tuseme hiyo ilikuwa sehemu ndogo ya kazi yake.

Soka la Italia la miaka ile lilipanga mabeki kwa mgawanyo wa kazi ulio wazi. Nyuma kabisa palikuwa na mtu asiyekaba yeyote, kazi yake kufagia kilichowapita wenzake na kuanzisha mashambulizi. Juventus na timu ya taifa walikuwa na Gaetano Scirea, pengine beki muungwana kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya Italia. Kushoto alikuwepo Antonio Cabrini, ruksa kupanda. Halafu palihitajika mtu wa kukaba mtu kwa mtu, anayekabidhiwa jina moja kabla ya mechi na kuambiwa asiliachie hadi kipyenga cha mwisho. Mtu wako akienda winga, unakwenda. Akishuka kati kutafuta mpira, unashuka naye. Akienda kunywa maji, unasimama pembeni ya chupa. Huyo alikuwa Gentile.

Kabla ya mechi ya Argentina, kocha Enzo Bearzot alimuuliza kama angeweza kumkaba Maradona. Gentile amesimulia mwenyewe kwamba alikubali, kisha akajifungia na mikanda ya video kumsoma. Alichokiona ni kitu ambacho kila beki aliyewahi kupigwa chenga anakijua ila hajawahi kukipa jina. Maradona akishageuka na mpira mguuni, umechelewa. Hakuna mbinu ya kumzuia. Kwa hiyo asigeuke. Bora zaidi, mpira usimfikie.

Sasa tazama jinsi hilo linavyoonekana uwanjani. Maradona, miaka 21, anashuka hadi karibu na duara la kati, goli la Italia limebaki mgongoni mwake. Pasi inakuja chini kwa chini. Gentile hasimami mita mbili nyuma kama tunavyofundishwa, bali yuko mgongoni kabisa, kifua kimegusa jezi, mkono mmoja kiunoni mwa mwenzake, na goti nyuma ya paja. Mpira ukiwa bado hatua moja kufika, anasukuma. Wakati mwingine anauwahi kwa ncha ya kiatu na mchezo unaendelea. Wakati mwingine anagonga kisigino na Maradona anaanguka, refa anapuliza, mpira wa adhabu. Argentina wanauanzisha. Lakini angalia walipo: mita 50 kutoka golini. Waitaliano wote 10 wameshapata sekunde za kurudi na kujipanga. Ile hatari ya Maradona kugeuka na kuiona njia imekufa, na gharama yake ni mpira wa adhabu ambao hata kipa Dino Zoff hahitaji kuupangia ukuta.

Fanya hivyo mara 23 na umeshinda mechi. Italia walishinda 2-1. Waandishi walipomuuliza Gentile kuhusu ukatili wake, alijibu kwamba mpira si mchezo wa wacheza balei. Jibu hilo limemfuata miaka 40 na kitu, na kwa maoni yangu limemwonea, maana limemfanya aonekane mtu wa misuli tu. Alichokuwa nacho ni hesabu. Alijua bei ya rafu, na mwaka 1982 rafu ya katikati ya uwanja iliuzwa bei ya kutupa.

Bei hiyo nani aliipanga? Kanuni ya 12 ya soka, ile inayohusu rafu na utovu wa nidhamu. Wakati huo ilisema mchezaji anaadhibiwa akitenda makosa yaliyoorodheshwa kwa makusudi. Neno hilo, makusudi, lilibeba dunia nzima. Refa alitakiwa asome moyo wa beki: alikusudia kumkwatua, au aliukusudia mpira akachelewa? Beki mjanja alijua hilo. Anaingia, anamgonga mtu, kisha anainua mikono juu na uso wa mtu aliyesingiziwa. Ndiyo maana mabeki wa zamani wana sura za watakatifu kwenye picha. Ilikuwa sehemu ya kazi.

Kadi zenyewe zilikuwa bado changa. Njano na nyekundu zilianza kutumika kwenye Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico, wazo la Mwingereza Ken Aston aliyelipata kutoka kwenye taa za barabarani. Miaka 12 baadaye, marefa wengi bado waliiona nyekundu kama kitu cha kutoa mtu akirusha ngumi au akimvunja mwenzake. Kulikuwa na kipengele cha kumwadhibu anayerudia rudia makosa, na kipo hadi leo, ila adhabu yake ni njano. Gentile alishalimwa njano hiyo mapema. Ili atoke, refa angelazimika kumhesabia tena upya na kuamua kwamba rafu fulani, ndogo kama zile zilizotangulia, ndiyo iliyojaza kikombe. Ipi? Ya 9? Ya 17? Kila moja, ukiitazama peke yake, ni kusukuma kidogo au kuvuta jezi kidogo. Hakuna hata moja ya kukufanya uruke kutoka kwenye kiti.

Ndipo palipokuwa na upenyo. Sheria ilipima rafu moja moja, Gentile akaziuza kwa rejareja.

Siku sita baadaye, uwanja uleule, akakabidhiwa Zico. Brazil ile ya 1982 ndiyo timu ambayo baba zetu wanaitaja hadi leo wakitaka kutuonyesha kwamba hatujui mpira. Gentile alimshika Zico hivyo hivyo, na mara moja akashika kwa nguvu iliyozidi kitambaa: jezi ikachanika. Zico akaenda kumwonyesha refa Abraham Klein ule mpasuko, nguo inaning'inia, na hakupata kitu. Picha yake imezagaa kila mahali. Kinachosahaulika ni kwamba siku hiyo Zico alimtoka Gentile, mara moja tu, akageuka na kumpa pasi Sócrates, na lile likawa goli la kwanza la Brazil. Kugeuka mara moja, goli moja. Ukitaka kujua kwa nini Bearzot alimvumilia beki wake, jibu ni hilo. Paolo Rossi akafunga matatu, Italia 3-2, Brazil wakarudi nyumbani.

Haikuwa bure kabisa. Gentile alionyeshwa njano nyingine katika mechi ya Brazil, na njano mbili zikamfungia nusu fainali dhidi ya Poland. Kwa hiyo kadi zilikuwa na meno, isipokuwa ziliuma mechi ikiwa imekwisha. Argentina na Brazil walishapanda ndege.

Hapa lazima nitenganishe vitu viwili ambavyo mashabiki huviweka kapu moja. Kuna ugumu wa kukaba, na kuna kuumiza. Kombe lilelile la 1982, kwenye nusu fainali ya Ujerumani Magharibi na Ufaransa, kipa Harald Schumacher aliruka na nyonga mbele akamgonga Patrick Battiston usoni. Mfaransa yule alipoteza fahamu na meno. Refa hakutoa hata faulo, mchezo ukaendelea kwa goli kiki. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Septemba 1983, Andoni Goikoetxea wa Athletic Bilbao alimwingia Maradona kwa nyuma pale Camp Nou na kumvunja kifundo cha mguu wa kushoto. Alifungiwa mechi nyingi, adhabu ikapunguzwa, na kile kiatu alichomvunjia Maradona alikihifadhi nyumbani ndani ya kabati la kioo. Sijui mtu unamwambiaje mgeni anayeuliza kile ni cha nini.

Rafu 23 za Gentile hazikumlaza Maradona hospitali. Alimaliza mechi. Siku tatu baadaye alicheza na Brazil, na hasira zote alizokusanya zikamwishia Batista, kiungo wa Brazil: akampiga teke na kutolewa nje kwa nyekundu. Ukitafuta ushahidi wa kazi ya Gentile, nyekundu ile ni sehemu yake.

Kwa hiyo wakubwa wa soka walipoanza kuipandisha bei ya rafu, hawakuipandisha kwa siku moja wala kwa sababu moja. Pigo la kwanza kubwa lilikuja Italia, 1990, na waliolipokea ni Waafrika. Mechi ya ufunguzi, Milan, Juni 8, Cameroon na Argentina. FIFA iliwaambia marefa wawe wakali kwa anayemkata mtu anayekwenda kufunga. André Kana-Biyik alimkwatua Claudio Caniggia, nyekundu. Dakika chache baadaye ndugu yake, François Omam-Biyik, akafunga kwa kichwa. Mechi ikielekea ukingoni Caniggia akachomoka tena kutoka upande wake wa uwanja. Wa kwanza akamkosa kidogo akayumba. Wa pili akamgusa, akayumba zaidi, lakini akabaki wima. Wa tatu, Benjamin Massing, akaja mzima mzima kama lori lililokatika breki, akamzoa, na kiatu cha Massing mwenyewe kikamvuka mguuni kikaruka. Alitolewa nje akiwa na kiatu kimoja. Cameroon wakamaliza wakiwa tisa na wakashinda 1-0.

Tulicheka sana, na bado tunacheka. Ila hebu iangalie rafu ile kwa jicho la Gentile. Massing alifanya kwa fujo, mbele ya dunia nzima, kile ambacho Muitaliano alikuwa akikifanya kimya kimya: kuukata mwendo kabla haujafika golini. Tofauti ni miaka minane, na ndani ya miaka hiyo bei ilikuwa imebadilika.

Katikati ya miaka ya 90 likaondoka neno makusudi. Mwaka 1995 Kanuni ya 12 iliandikwa upya, na badala ya kumuuliza refa beki alikusudia nini, ikamuuliza alifanya nini. Alicheza kwa uzembe? Faulo, basi. Alicheza bila kujali kitakachompata mwenzake? Faulo na njano. Alitumia nguvu kupita kiasi akahatarisha mwili wa mtu? Nyekundu. Ngazi hizo tatu ndizo zinazotumika mpaka sasa, na ukizishika kichwani utaokoa muda mwingi wa kubishana. Mikono juu na uso wa kitakatifu havisaidii tena.

Kabla ya Kombe la Dunia la 1998 ikaja nyingine: kumwingia mtu kwa nyuma kwa namna inayohatarisha usalama wake ni nyekundu. Kila mtu aliielewa imetoka wapi. Marco van Basten, mshambuliaji bora wa kizazi chake, alitangaza kustaafu mwaka 1995 akiwa na miaka 30 baada ya kifundo cha mguu kugoma kabisa, na mechi yake ya mwisho alikuwa ameicheza miaka miwili kabla. Mashindano ya Ufaransa yakatoa nyekundu 22. Mwaka 2005 maneno ya kwa nyuma yakafutwa: uingie kwa mbele, ubavuni au kutoka mbinguni, ukihatarisha usalama wa mtu unatoka.

Na hapa ndipo penye ule ubishi wa kila wikiendi kwenye vibanda umiza. Beki anateleza na miguu miwili, anaugusa mpira kweli, kisha njumu zinamalizikia kwenye ugoko. Refa anatoa nyekundu. Kibanda kizima kinalipuka: kagusa mpira! Kagusa, ndiyo, hakuna anayekataa. Lakini kanuni haisemi popote kwamba kuugusa mpira kunafuta kilichofuata. Ule ulikuwa utetezi wa enzi za makusudi, ulipothibitisha kwamba nia yako ilikuwa mpira. Leo unathibitisha tu kwamba ulifika. Swali ni ulifikaje, kwa kasi gani, na njumu zilikuwa zinaelekea wapi. Watu wamerithi sheria iliyokufa miaka 30 iliyopita na wanaidai kwa refa aliyezaliwa baada yake.

Kwa haki, si kila badiliko lilimkandamiza beki. Tangu 2016, anayemzuia mtu kufunga ndani ya eneo la hatari huku akijaribu kwa kweli kuucheza mpira hupewa njano na penalti badala ya nyekundu na penalti. Anayevuta jezi bado anatoka. Soma tena hilo la mwisho ukiwa na picha ya Zico mbele yako.

Je, Gentile angecheza leo? Watu hupenda kusema asingemaliza nusu saa, na kwa mkanda ule wa Sarrià ulivyo wana haki. VAR, iliyoingia kwenye sheria rasmi mwaka 2018, haihangaiki na faulo za katikati ya uwanja, ila refa wa leo akifika rafu ya tatu kwa mtu yuleyule anaanza kuonyesha vidole: hapa, pale, na pale, halafu mkono unakwenda mfukoni. Lakini swali lenyewe limekaa vibaya. Mtu aliyejifungia na mikanda kumsoma Maradona angejifungia pia kusoma sheria mpya. Kilichomwondolea kazi zaidi, naona, ni mbinu. Mwishoni mwa miaka ya 80 Milan ya Arrigo Sacchi ilionyesha kwamba unaweza kukaba eneo badala ya mtu, mstari mzima ukipanda na kushuka pamoja, na kazi ya kukabidhiwa jina moja ikaanza kufifia. Gentile alikuwa ameshaondoka Juventus kwenda Fiorentina, kisha akamalizia Piacenza mwaka 1988. Alistaafu pamoja na cheo chake.

Baadaye alifundisha vijana wa Italia wa chini ya miaka 21 na kutwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2004, halafu medali ya shaba Olimpiki ya Athens mwaka huohuo. Katika kikosi kile cha ubingwa walikuwemo Andrea Barzagli, Daniele De Rossi na Alberto Gilardino, waliobeba Kombe la Dunia miaka miwili baadaye. Barzagli alikuwa beki wa kati, msafi, wa kusimama mahali sahihi.

Na fainali ya 1982? Gentile alirudi kutoka kwenye adhabu yake ya njano mbili, uwanja wa Bernabéu mjini Madrid, Julai 11, Italia na Ujerumani Magharibi. Kipindi cha kwanza Cabrini alikosa penalti. Cha pili, mpira wa adhabu ukaanzishwa haraka, ukaangukia upande wa kulia kwa mtu ambaye dunia nzima ilikuwa inamtukana wiki mbili. Hakumgusa mtu. Alipiga krosi, mpira ukapita mbele ya kundi la watu, na Rossi akautia wavuni kwa kichwa. Italia 3-1. Kwenye marudio ya televisheni kamera humkimbilia Rossi, na aliyepiga krosi humwoni.